Tuhesabu jasho la wote, si la wakimbiaji pekee

Msimu uliopita wa mvua za vuli nilijikuta kijijini karibu na Tala, ule mji wa soko ulio kando ya barabara ya Kangundo, masafa yasiyofika kilomita 60 kutoka Nairobi. Nilikuwa nimeandamana na msichana mmoja wa shule ya upili aliyekuwa na kalamu, daftari na karatasi ya maswali. Maswali hayo aliyatunga yeye na wenzake kwa ajili ya mradi wa darasani kuhusu afya ya jamii. Walitaka kujua ni watu wangapi kijijini humo wanaouchangamsha mwili kiasi cha kuulinda na maradhi ya moyo, shinikizo la damu na kisukari.

Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa ajuza wa miaka sabini na ushei. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba lake akipumzika, jembe limelala kando yake, na matope yamemganda hadi magotini. Tulisalimiana kwa heshima zote zinazotakikana, kisha msichana akaanza.

"Susu, je, wewe hufanya mazoezi?"

"Mazoezi?" Bibi alicheka. "Mwana wakwa, hayo ni ya askari, na ya nyinyi watoto wa shule. Mimi na uzee huu nitakimbilia wapi?"

Msichana akatia alama penye neno La.

"Na kazi je, Susu? Unafanya kazi yoyote?"

"Kazi sina. Mimi niko hapa nyumbani tu."

Msichana akatia alama ya pili penye neno La, akashukuru, nasi tukaendelea na safari. Kwa mujibu wa karatasi ile, bibi yule ni mtu asiyefanya mazoezi wala kazi. Lau takwimu za taifa zingekusanywa kwa namna hiyo, angeingizwa katika kundi la watu waliobweteka, akahimizwa kwa mabango na matangazo ya redio aamke asubuhi akimbie. Ilhali tangu alfajiri ya siku hiyo alikuwa amekwenda kisimani na kurudi, na kabla ya jua kupanda alikuwa amepalilia mahindi na mbaazi kwa muda wa saa tatu.

Nimekuwa nikilitafakari tukio hilo tangu wakati huo, si kwa sababu mimi ni daktari, bali kwa sababu kazi yangu ni lugha. Bibi hakusema uongo, wala msichana hakukosea kuandika. Kosa lilikuwa katika maneno mawili: mazoezi na kazi. Na naona kwamba kosa hilo halikuanzia Tala wala halikuishia huko. Linatuhusu sote tunaofundisha, tunaosoma na tunaoshauri umma juu ya afya.

Tuanze na neno "mazoezi". Asili yake ni kitenzi "zoea". Kutokana na "zoea" tunapata "zoeza", yaani kumfanya mtu azoee, na kutokana na hapo tunapata "zoezi", yaani jambo linalorudiwarudiwa ili mtu alizoee. Ndiyo maana tuna zoezi la hesabu, daftari la mazoezi, mazoezi ya kijeshi na mazoezi ya timu kabla ya mechi. Katika matumizi yote hayo, mazoezi ni maandalizi ya jambo jingine. Mwanafunzi hufanya zoezi ili aweze mtihani, na mchezaji hufanya mazoezi ili aweze mchezo. Mtu anayelima shamba lake hafanyi maandalizi ya chochote. Yeye tayari yumo uwanjani, na mechi inaendelea. Kumwuliza kama anafanya mazoezi ni sawa na kumwuliza mshambuliaji aliyepata mpira mbele ya lango kama amewahi kushiriki kandanda. Vijana wetu wa mijini, wanaosema "kupiga tizi", wameibana maana hiyo zaidi, kwani tizi hupigwa katika jumba lenye vyuma na vioo, tena kwa ada.

Neno "kazi" nalo lina mtego wake. Kamusi zitakwambia kwamba kazi ni shughuli yoyote ya mwili au akili. Lakini msikilize Mkenya wa kawaida anapozungumza. "Ndugu yangu hana kazi" maana yake ni kwamba hana ajira. "Mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu" ni kauli inayotolewa kila siku na wanaume wenye akili timamu, kuhusu wanawake wanaoamka kabla ya jogoo na kulala baada ya kila mtu. Bibi wa Tala ameisikia kauli hiyo maisha yake yote, hata naye ameikubali. Anapojibu kwamba hana kazi, anatamka kwa unyenyekevu hukumu ambayo lugha ya mshahara imekwisha kumpitishia.

Hata kitenzi "kutembea", kinachoonekana hakina hila, kina zaidi ya sura moja. Kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kuzuru. "Nimekuja kutembea," husema mgeni aliyeteremka kwenye matatu sasa hivi bila kupiga hatua hamsini. Mwulize mtu, "Jana ulitembea?" naye atakujibu, "La, sikutoka. Nilikwenda mtoni tu." Mkazi wa Mombasa anayeteremka hadi ufuo wa Mama Ngina jioni huenda asiseme kwamba ametembea, wala kwamba amefanya mazoezi, bali atasema amekwenda kupunga upepo. Miguu yake, hata hivyo, imefanya kazi ile ile.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya wanaisimu wasio na la kufanya. La hasha. Kipimo chochote cha jinsi watu wanavyoushughulisha mwili katika maisha ya kila siku huanza kwa swali, na swali huundwa kwa maneno. Neno likipotoka, hesabu itapotoka, na sera inayojengwa juu ya hesabu hiyo itapotoka pia.

Inafaa tukumbuke kwamba sayansi ya jambo hili haikuanzia kwenye viwanja vya michezo. Ilianzia kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa na ghorofa mbili. Dereva aliketi kutwa nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Watu hao walikuwa wa tabaka moja na walifanya kazi katika basi moja, lakini maradhi ya moyo yaliwashambulia madereva zaidi ya makondakta. Kupanda na kushuka ngazi hizo hakukuwa mazoezi kwa maana tuliyoieleza hapo juu. Walikuwa kazini. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakituambia kwamba moyo hauulizi kama jasho limetoka kwa ajili ya medali, mshahara au ndoo ya maji.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umelisema jambo hilo waziwazi. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kila wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayoharakisha pumzi kidogo, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito. Mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Zamani ilishauriwa kwamba shughuli isiyofika dakika kumi mfululizo isihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa, na sasa kila mwendo una thamani yake. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo walipotuambia kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Aidha, shirika hilo lina hojaji yake, iliyobuniwa mwaka 2002, ambayo hutumiwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Ni haki nikiri kwamba hojaji hiyo ina busara kuliko karatasi ya wanafunzi wetu. Huuliza mambo matatu kwa zamu: kazi, usafiri wa kutoka mahali hadi mahali, na burudani. Tena humtaka anayeuliza aeleze kwamba kazi ni pamoja na kazi isiyo na malipo na shughuli za nyumbani. Baada ya hapo hufuata hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifanya. Kuketi kimya hupewa kizio 1. Shughuli ya wastani hupewa vizio 4, na shughuli nzito vizio 8. Zidisha dakika za wiki kwa vizio, kisha jumlisha. Mtu anayefikisha 600 ametimiza kiasi cha chini, kwa kuwa dakika 150 mara 4 ni 600.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa bibi, safari hii bila neno "mazoezi" wala neno "kazi". Msichana alimwomba atusimulie siku yake tangu anapoamka. Bibi alisimulia kwa furaha, tena kwa urefu, nasi tukaandika. Safari ya kisimani, kwenda na kurudi, humchukua yapata dakika 40 kila siku, na hizo kwa wiki ni dakika 280. Palizi ni saa 3 kwa siku 5, nazo ni dakika 900. Jumla ni dakika 1,180. Hata tukizihesabu zote kuwa za wastani, bila kutia palizi katika fungu la shughuli nzito, tunapata 4,720. Hicho ni karibu mara nane ya kiwango kinachotakiwa. Yule yule aliyeandikiwa sufuri mara ya kwanza alipata 4,720 bila kuongeza hata hatua moja. Kilichobadilika ni swali tu.

Hata hivyo, hojaji nzuri haimalizi matatizo yote. Kwanza, huuliza dakika. Mkulima wa Ukambani hahesabu palizi kwa dakika, bali kwa mistari iliyopaliliwa, kwa madebe yaliyojazwa, au kwa jua lilipofika. Pili, huuliza juu ya wiki ya kawaida. Ni wiki gani iliyo ya kawaida mahali penye misimu miwili ya mvua? Wiki ya Novemba, wakati mvua za vuli zinazotegemewa sana Ukambani zimeivisha ardhi kwa jembe, haifanani kabisa na wiki ya Agosti. Mtafiti afikaye Agosti ataandika kwamba watu wamekaa. Afikaye Novemba hatawakuta majumbani mwao.

Wako wanaosema kwamba suluhisho ni kuacha maneno na kutumia vyombo. Siku hizi simu nyingi za mkononi huhesabu hatua, na wenye uwezo huvaa saa zinazohesabu mapigo ya moyo. Mimi sivipingi vyombo hivyo, lakini navyo vina lugha yake. Chukua ile hesabu mashuhuri ya hatua elfu kumi kwa siku. Wengi huidhani ni agizo la madaktari. Kwa kweli, ilitokana na jina la bidhaa. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kufungwa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likapendeza, likavuka bahari, likageuka kuwa amri. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee na kuchapishwa Marekani mwaka 2019, juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida ilikoma kuongezeka karibu na hatua 7,500. Tazama basi jinsi jina lilivyotawala fikira za dunia kwa zaidi ya nusu karne.

Fauka ya hayo, kifaa cha kuhesabu hatua hakioni kila jasho. Machakos ina mfano usio na kifani. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, hadi ukingo ujengeke na shamba ligeuke kuwa ngazi polepole. Mtindo huo huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ardhi ya Machakos, iliyokuwa imemomonyoka vibaya katika miaka ya 1930, ilivyohifadhika ilhali idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano kufikia 1990. Matuta hayo yalichimbwa kwa mikono, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake katika vikundi vya mwethya. Sasa mfunge mwanamke huyo kihesabu hatua kiunoni. Atasimama mahali pamoja saa nzima akirusha udongo juu ya bega, na chombo kitaripoti kwamba hajakwenda popote.

Wala tusidhani kwamba vipimo vilivyobuniwa ugenini hukosea kwa kutupunguzia tu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima wanawake Waluo waliobeba mizigo kichwani na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya paji la uso, kama wanavyobeba pia akina mama wa Ukambani. Wanasayansi hao walistaajabu kuona kwamba mzigo wenye uzito wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu iliyotumika. Miili iliyozoea kubeba tangu utotoni ilikuwa imejifunza mwendo wa kubana matumizi. Hapo neno "mazoezi", kwa maana yake ya asili ya kuzoea, ndipo lilipostahili kutumika.

Sasa tuzitazame takwimu zenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliofanywa kwa hojaji ya Shirika la Afya Duniani miongoni mwa Wakenya wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba ni watu 6 au 7 tu katika kila 100 ambao hawakufikia kiwango kinachopendekezwa. Jirani zetu wa Uganda walisifiwa zaidi. Katika ulinganisho wa dunia uliochapishwa 2018, Uganda ilikuwa ya kwanza kwa uchache wa watu wasiotimiza kiwango, 5.5 kwa mia, ilhali Kuwait ilikuwa na 67 kwa mia. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2022 ni watu wazima 31 katika kila 100.

Je, tupige vigelegele? Ngoja kwanza. Katika utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 12, watoto zaidi ya 500 wa Nairobi wenye umri wa miaka 9 hadi 11 walivalishwa vifaa vya kupima mwendo viunoni kwa wiki moja. Matokeo, yaliyochapishwa 2014 na Stella Muthuri, Vincent Onywera na wenzao, yalikuwa kwamba ni watoto 12.6 tu kwa mia waliotimiza dakika 60 kwa siku. Najua kwamba umri ni tofauti, kipimo ni tofauti na kiwango ni tofauti, kwa hivyo takwimu hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Lakini zinatosha kutushtua. Taifa ambalo karibu watu wazima wote wanasemekana kuwa wakakamavu linawalea mjini watoto ambao saba kati ya kila wanane hawakimbii wala kuruka vya kutosha. Utafiti wa Robert Ojiambo na wenzake uliochapishwa 2012, uliolinganisha vijana wa vijijini na wa mjini katika Bonde la Ufa, nao ulionyesha kwamba wa vijijini ndio waliokuwa wakienda zaidi na kuketi kidogo.

Maana yake ni kwamba wastani wa taifa unabebwa na watu kama bibi wa Tala. Sisi wengine tunajificha chini ya kiondo chake. Nilijaza hojaji ile mimi mwenyewe, kwa uaminifu. Kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, na kutoka kituoni hadi ofisini, nilipata dakika 70 kwa wiki. Zidisha kwa 4, utapata 280. Sijafika hata nusu. Mhadhiri anayeandika makala ya kuwaasa wengine ameshindwa na ajuza wa miaka sabini na ushei karibu mara kumi na saba. Mwalimu msomaji, jaza nawe uone. Mwanafunzi wa shule ya bweni, unayetoka bwenini hadi darasani, darasani hadi jikoni, na jikoni hadi darasani tena hadi usiku, hesabu dakika zako pia.

Hapa itanibidi nijibu hoja moja nzito. Mtu anaweza kuniuliza: je, unataka bibi huyo aendelee kuteka maji kisimani hadi afe, ili takwimu zetu zipendeze? Hasha. Taabu si tiba. Mzigo wa kila siku huumiza shingo na mgongo, na saa za kuteka maji ni saa zilizoibwa kwa msichana aliyepaswa kuwa anasoma. Bomba la maji lifike Tala kesho, nami nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ninachosema ni hiki: siku bomba litakapofika, hakuna atakayejua ni kiasi gani cha afya kilichoondoka pamoja na ndoo, kwa sababu hakikuwahi kuhesabiwa. Kitu kisichohesabiwa hakiombolezwi kinapopotea, wala hakitafutiwi badala yake.

Na tayari mengi yanaondoka. Tangu ushuru wa pikipiki ndogo ulipolegezwa yapata mwaka 2008, bodaboda zimeenea kila kijiji. Zimeokoa maisha ya wagonjwa na kuwapa vijana riziki, sina ugomvi nazo. Lakini safari ya kilomita mbili iliyokuwa ya miguu sasa ni ya injini, hata kwa mtoto mzima na mwenye siha. Anayeamua kutembea naye hatendewi haki. Penye sehemu nyingi za barabara zetu kuu mtembea kwa miguu hana njia yake. Hupita ukingoni mwa lami, kati ya mtaro na matatu. Haishangazi basi kwamba katika ripoti za ajali nchini, watembeao kwa miguu wamekuwa, mwaka baada ya mwaka, kundi kubwa zaidi la waliouawa. Kaunti ya Nairobi ilitunga mwaka 2015 sera ya kuwalinda watembeao na waendeshao baiskeli. Miji midogo kama Tala, ambako bado watu wengi huenda sokoni kwa miguu, ndiyo inayopaswa kujenga njia hizo kabla tabia ya kutembea haijafa.

Shuleni nako tuna deni. Sote tuliosomea mfumo wa 8-4-4 tunakumbuka kipindi cha mazoezi ya viungo. Kilikuwapo kwenye ratiba ya ukutani. Lakini kwa kuwa hakikuwa na mtihani, kiliazimwa na hisabati na hakikurudishwa kamwe. Mtaala wa umilisi umeipa michezo nafasi mpya, na katika mabadiliko ya mwaka 2024 ikaunganishwa na sanaa katika somo moja la shule za sekondari ya chini. Hilo ni jema, ila jina kwenye ratiba si jasho uwanjani. Wakuu wa shule na wazazi ndio watakaoamua kama kipindi hicho kitaishi au kitaazimwa tena.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni la walimu wa Kiswahili, hisabati na michezo kwa pamoja. Kila darasa liweke daftari la mwendo kwa wiki moja katika kila muhula. Mwanafunzi aandike alikokwenda kwa miguu, alichobeba, alichochimba, alichocheza, na muda uliopita. Mwalimu wa hisabati awaongoze kuzidisha na kujumlisha. Mwalimu wa Kiswahili awaongoze kukusanya majina ya shughuli hizo kama yanavyotamkwa nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, kisha watunge maswali ambayo babu na nyanya zao watayaelewa. Muhula mmoja ufanyiwe wakati wa mvua, mwingine wakati wa kiangazi, ili tofauti ionekane.

La pili ni la wataalamu wa afya. Mnapokuja vijijini, msianze na "mazoezi". Anzeni na siku ya mtu. Mwambieni asimulie, kisha nyinyi mhesabu. Na mnapowahimiza watu, pambanueni kati ya anayehitaji kuongezewa mwendo na anayehitaji kupunguziwa mzigo. Bango moja haliwezi kuwafaa wote wawili.

La tatu ni letu sote tunaoketi. Tusingoje kununua saa ya kuhesabia hatua. Kiswahili chenyewe kinatukumbusha kwamba mwili ulikuwa kipimo kabla ya vyombo kubuniwa. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Hatua ni hatua. Wazee waliipima dunia kwa miili yao kwa sababu miili hiyo ilikuwa ikiifikia dunia hiyo kila siku. Teremka kituo kimoja kabla ya chako. Pumzi ikiharakika lakini bado unaweza kuzungumza na mwenzako, umefika kwenye wastani. Ukishindwa kuzungumza, hiyo ni nzito. Kipimo hicho hakihitaji umeme.

Msichana wa Tala aliikata karatasi yake ya kwanza vipande viwili akaandika upya. Swali lake la kwanza sasa linasema: "Susu, jana ulipoamka, ulifanya nini kwanza?" Ameniambia kwamba majibu ni marefu mno, na kwamba daftari moja halimtoshi.